Chumba cha Joto

Saa moja na dakika kumi asubuhi, hema lililofunika shimo la kebo nje ya kituo kidogo cha umeme mjini Kitale lilikuwa limeungua juu tu. Kilele kilikuwa kimekwisha. Zilibaki fito za chuma zilizopinda na kingo nyeusi za turubai. Kuanzia usawa wa goti kwenda chini, turubai lilikuwa zima.

Inspekta Wacuka alishuka ngazi. Shimo lilikuwa la zege, refu kwenda chini kuliko kimo cha mtu, na jembamba kiasi kwamba watu wawili wangelazimika kupishana kwa mabega. Kebo tatu za umeme mkubwa zilitokeza ukutani. Mbili zilikuwa zimefunguliwa ncha na kusafishwa. Ya tatu ilikuwa nyeusi mdomoni. Sakafuni palikuwa na gazeti lililofungia nusu mkate. Siafu walikuwa wameufikia mkate, lakini gazeti halikuwa limeungua popote.

Siku mbili kabla ya hapo, fundi wa kuunga kebo aliyeitwa Gathii alisimama mahali hapo akipasha moto kifuniko cha plastiki kilichobana ncha ya kebo ya tatu, ili kilegee akitoe. Moto ulimlipukia usoni. Alifariki njiani kwenda hospitalini. Msaidizi wake, Festus Khisa, alimvuta juu kwa mikono yake, nayo ikaungua. Festus alitoka wodini jana alasiri na kuingia seli moja kwa moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mtungi wa gesi uliolisha kichomeo, na maelezo ya kituo cha polisi yalikuwa mafupi: mtungi ulivuja, gesi ikajaa shimoni, fundi akafa. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kujibu shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Faili ilikuwa imemfikia Wacuka jana jioni. Aliomba siku moja, akapewa hii.

"Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa," alimwambia Konstebo Kiplangat, aliyechuchumaa ukingoni mwa shimo. "Ikivuja hutuama chini kama maji."

Kiplangat aliutazama mkate. "Basi hii ingekuwa tosti, afande."

"Ingekuwa. Kilichoungua hapa kilipanda juu."

Walipaka povu la sabuni kwenye kichwa cha mtungi, kwenye mpira na kwenye maungio. Hapakutoka hata kiputo kimoja. Kiplangat alipiga picha, kisha akasema kile ambacho upande wa mashtaka ungesema: povu la leo haliwezi kushuhudia mambo ya juzi. Wacuka alikubaliana naye. Kebo mbili za kwanza zilikuwa zimefunguliwa asubuhi ile ile ya ajali, kwa kichomeo kile kile na mtungi ule ule, bila tatizo. Hilo lilikuwa na uzito zaidi ya povu, ila bado halikutosha kumtoa mtu seli.

Wafanyakazi wa laini walimweleza jinsi kebo ya tatu ilivyowekwa, kila kebo ikitoka kwenye drumu lake. Drumu lake, gurudumu kubwa la mbao lenye tundu katikati, lilisimamishwa upande wa pili wa barabara. Ncha ya nje ndiyo ilivutwa kwanza, ikapitishwa chini ya lami hadi shimoni. Ncha hiyo ndiyo iliyolipuka. Wacuka aliagiza ikatwe kwa msumeno wa mkono, bila moto, hatua moja nyuma ya sehemu iliyoungua. Kipande kilichotoka kilifungwa kwa karatasi ya alumini, kikapigwa muhuri.

Kituoni, Festus alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mikono imefungwa bendeji hadi viwiko na kuwekwa juu ya magoti, viganja vikitazama juu. Mahabusu mwenzake alikuwa amemnywesha chai. Alijibu maswali kwa mpangilio ule ule wa maelezo aliyokwisha kuyatia kidole gumba juzi hospitalini, kabla bendeji hazijafika vidoleni. Alifunga mtungi. Alipaka povu, akaona uko sawa. Aliwasha kichomeo, akampa mzee. Mvua ilianza, akafunga hema pande zote. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na kila sentensi ilimzidishia kosa.

"Nani mwingine aliona ukipaka povu?"

"Mzee Gathii."

"Mwingine?"

"Hakuna, madam. Tulikuwa wawili."

Wacuka alimuuliza kama alisikia harufu ya gesi kabla ya moto.

"Ya gesi, hapana. Gesi si naijua? Ilikuwa harufu tamu. Kama maua. Mzee hata akaniuliza, Festus, leo umejipaka mafuta ya bibi yako? Nikamwambia mimi sina bibi. Akasema basi tafuta, unanukia kama unayo." Festus alitazama bendeji zake. "Hiyo ndiyo kitu ya mwisho aliniambia."

"Uliwaambia polisi habari ya harufu hii?"

"Niliwaambia. Wakasema niwache mchezo."

Harufu haikuwa mahali popote katika faili. Wacuka aliiandika. Festus aliuliza kama kesho ni lazima. Alijibiwa kwamba ratiba ya mahakama haijabadilika.

Barabara ya kwenda Bungoma ilikuwa na mahindi pande zote mbili. Kuanzia Kiminini hadi Misikhu watu walikuwa wameyaanika juu ya maturubai, na kila wingu liliposogea walitoka mbio kuyafunika. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimekataa kuisha. Wacuka mwenyewe alikulia Endebess, katika nyumba ambayo mwezi wa Novemba hapakuwa na chumba kisicho na mahindi. Kiplangat aliendesha huku akilalamika kwamba shemeji yake anayalaza yake sebuleni, na wageni wanakalia magunia.

Kiwanda cha Tambarare Kebo kilikuwa nje kidogo ya mji wa Bungoma, nyuma ya ukuta mrefu na lango moja la chuma. Meneja wa uzalishaji, Bwana Wahome, aliwapokea akiwa na kofia mbili za wageni mkononi. Hakuwapeleka ofisini. Aliwapeleka kwanza kwenye chumba cha majaribio ya umeme: kuta za chuma, dari ya chuma, na mlango mzito ambao ulipofungwa simu ya Wacuka ilipoteza mtandao.

Kila kebo, Wahome alieleza, hupitishwa humu kabla ya kuuzwa. Hupewa umeme mwingi kuliko itakaoubeba maisha yake yote. Ikiwa ndani ya plastiki yake kuna uwazi mdogo kuliko tone la umande, mashine hupiga kelele. Kuta za chuma zipo ili kelele za nje zisiingie.

"Kebo yenu ya Kitale ilikaa humu kimya kabisa," alisema. "Ilikuwa safi, Inspekta. Gesi ilitoka kwa mtungi wa kijana wenu."

"Sijasema gesi ilitoka wapi," Wacuka alisema. "Kebo inaweza kutoa gesi?"

Wahome alikuwa na jibu refu. Aliyejibu kwa ufupi alikuwa mwanamke aliyesimama nyuma yake, koti jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Huyu alikuwa Pauline Nakhungu, mkuu wa idara ya ubora.

"Inaweza," alisema. "Plastiki inayofunika waya hupikwa ili iwe ngumu. Ikipikwa hutoa gesi, na gesi hiyo hubaki ndani yake. Ndiyo maana tunaiweka kebo kwenye chumba cha joto siku nyingi hadi gesi itoke. Baada ya hapo tunaivisha koti la alumini, na koti likishafungwa hakuna kinachotoka tena."

"Gesi hiyo ni nzito au nyepesi?"

"Ni nyepesi. Hupanda."

"Ina harufu?"

"Yenyewe haina. Lakini hutoka pamoja na mvuke mwingine wenye harufu tamu. Kama maua."

Kiplangat aliacha kuandika, akainua kichwa. Wacuka hakumtazama. Alifungua muhuri wa kipande cha kebo na kumuuliza Pauline kama kuna kipimo cha kuonyesha gesi ilitoka au haikutoka. Kilikuwepo. Plastiki hukatwa vipande vyembamba, hupimwa uzito, huwekwa kwenye joko, kisha hupimwa tena. Kama kebo ilikaushwa sawasawa, uzito haubadiliki. Kama kuna kitu bado kimo ndani, hutoka jokoni na uzito hupungua.

Wahome alisema kipimo hicho kilikwisha kufanywa kabla ya kebo kuondoka, na kilipita.

"Kirudiwe," Pauline alisema. "Mimi sina wasiwasi."

Alikata vipande mbele yao, akavishika kwa koleo ndogo, si kwa vidole. Mzani ulikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, na hata pumzi ya Kiplangat iliusogeza. Aliombwa asimame mbali. Wacuka alinakili uzito wa kwanza kwa mkono wake. Joko lilifungwa, likapigwa muhuri wa polisi, na Kiplangat akaachwa kulilinda. Kungekuwa na saa chache za kusubiri.

Wazo la kwanza la Wacuka lilikuwa kwamba drumu liliondolewa kwenye joto kabla ya siku zake. Lilikufa upesi. Chumba cha joto huendeshwa na mashine. Drumu lisipotimiza siku, mashine haifungui njia ya kwenda kwenye sehemu ya alumini, na meneja mwenyewe hana namna ya kuilazimisha. Kebo ya Kitale ilitimiza siku zake zote.

"Na sampuli mlikata ncha gani?"

"Ncha ya nje," Pauline alisema. "Daima, kebo ikiwa bado kwenye chumba cha joto."

Wahome alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na iliyolipuka Kitale ni ncha ya nje ya drumu. Watu wa laini wamenipigia. Kwa hiyo ncha iliyoungua ndiyo hiyo hiyo tuliyoipima. Umefika ukutani, Inspekta."

Walikuwa wamesimama kwenye dirisha linaloangalia uwanja wa kiwanda. Upande mmoja kulikuwa na madrumu ya mbao yakisubiri malori. Upande wa pili, karibu na jengo lisilo na madirisha, kulikuwa na madrumu ya chuma.

"Kwa nini haya ni ya chuma?"

"Hayo ni ya chumba cha joto," Wahome alisema. "Mbao ingepinda humo ndani."

"Kwa hiyo kebo hutoka kwenye drumu la chuma, ikavishwa alumini, ikazungushwa kwenye drumu la mbao."

"Ndiyo."

"Basi ncha ya nje ya chuma huwa ya kwanza kufika kwenye mbao, na huwa ya ndani. Iliyokuwa ndani kabisa kwenye joto ndiyo huja kuwa ya nje kwenye safari." Aliyaonyesha madrumu ya chuma kwa kidole. "Ncha iliyomuua Gathii haikupimwa hapa. Ilikuwa katikati ya drumu la chuma. Nataka kujua joto huifikiaje."

Wahome ndiye aliyesema kwamba kuna feni, na kwamba upepo wa moto hupita kila mahali.

Msimamizi wa chumba cha joto aliitwa Jelimo, mwanamke mnene mcheshi aliyefunga leso kichwani chini ya kofia ya kiwanda. "Karibu Mombasa, madam," alisema. "Si tunaiitanga hivyo. Joto iko, bahari ndiyo hakuna." Alieleza utaratibu: mgeni huingia kwa dakika mbili tu, mlango lazima ufungwe kabisa, la sivyo feni hazizunguki, na feni zikishazunguka, kishikio cha ndani hakifanyi kazi hadi zisimame. "Ukitaka kutoka unabisha. Mimi nazima. Halafu unangoja zisimame. Usipanike, bana, hakuna mtu amewahi kubaki huko."

Wacuka aliingia peke yake. Mlango ulifungwa, na feni zikaanza.

Joto lilimpata machoni kwanza, kisha puani. Harufu ilikuwa tamu na nzito, kama maua yaliyoachwa siku nyingi chumbani. Mbele yake palikuwa na drumu moja la chuma, lile lile ambalo Jelimo alisema liliwahi kushika kebo ya Kitale, refu kuliko yeye, limejaa kebo nyeupe. Aliweka kiganja karibu na kebo ya nje: upepo ulikuja kutoka kwenye matundu ya ukutani na kuipuliza. Alisogea ubavuni, mahali palipokuwa na tundu la katikati, pana kiasi cha mtu kuingia akiwa amechuchumaa. Upepo ulikuwa mkali zaidi hapo. Ulilengwa kupita ndani ya tundu, upashe kebo za ndani kutoka tumboni mwa drumu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya joto kufika katikati.

Aliingiza kichwa na mkono. Chuma kilimchoma kidogo kwenye kifundo. Kwenye mshono wa chini, ambapo mabamba mawili yalikutana, vidole vyake vilikuta vitu vidogo vigumu vilivyokwama. Alivichokoa kwa ufunguo wa gari. Vilikuwa punje za mahindi, tano, zimekauka hadi zikawa na ufa. Pamoja nazo palikuwa na kipande cha uzi wa kushonea magunia.

Alibisha mlango. Hakuna kilichobadilika. Alibisha tena, kwa ngumi. Sauti za feni zilishuka polepole, na kishikio hakikusogea. Jasho lilimwingia machoni. Alifunga macho, akashika kishikio kwa kitambaa, akahesabu pumzi. Kishikio kilipolegea aliusukuma mlango kwa bega na kutoka akiwa ameloa hadi kiunoni.

"Ulibisha pole pole sana," Jelimo alisema. "Mimi nilidhani umependa."

Wacuka alikunywa maji, akauliza maswali akiwa amesimama. Kwa sheria ya kiwanda, nani hufungua mlango huu wakati kebo imo ndani? Watu wa ubora pekee, Jelimo alisema, kwa ajili ya sampuli. Mtu mwingine akifungua, joto linashuka, kengele inalia hadi ofisi kuu. Watu wa ubora wana ufunguo wa kuinyamazisha. Na Jumapili, kiwanda kikiwa kimya?

"Jumapili ni mimi na yeye tu. Madam Pauline mwenyewe. Anakuja na toroli yake ya vifaa, imefunikwa. Ati mimi nisiingie, joto si nzuri kwa presha yangu. Yeye ni mtu mzuri sana, huyo. Hata mtoto wangu alipolazwa, alinishikia zamu."

"Toroli huwa nzito?"

Jelimo alianza kujibu, akaangalia mkono wa Wacuka uliokuwa umefumbata punje, akaacha kucheka. "Kwenda, inalia magurudumu," alisema. "Kurudi, hailii sana."

Mahindi mabichi hupoteza maji, na maji ni uzito. Wacuka alimshukuru, akamwomba asiondoke kazini hadi achukuliwe maelezo.

Kwenye maabara, Kiplangat alithibitisha kwamba muhuri wa joko haukuguswa. Pauline aliukata, akatoa vipande, akaviacha vipoe kwenye chombo kilichofunikwa, akaviweka kwenye mzani. Namba zilitetemeka, kisha zikatulia. Angeweza kuzisoma kimya. Angeweza kuigusa meza. Alizisoma kwa sauti, akaziandika ubaoni, akatoa ya pili kwenye ya kwanza.

"Imepita kikomo zaidi ya mara tatu," alisema. "Gesi ilikuwemo."

Wahome alisema kipande kilikaa kwenye gari lenye joto, kilichafuka, kipimo hakifai. Pauline alisema bila kugeuka kwamba kipande kinachokaa nje hupoteza gesi, hakiongezi; siku ya ajali namba ingekuwa mbaya zaidi.

Wacuka aliweka punje tano juu ya karatasi nyeupe, kando ya mzani, na uzi wa gunia pembeni yake.

"Nusa," alisema.

Pauline hakuinama. "Nazijua."

"Zilikuwa kwenye tundu la drumu la chuma."

Wahome aliingilia tena: mahindi yako kila mahali msimu huu, panya huyabeba. Wacuka alimwambia kwamba panya hashoni magunia. Kisha alimgeukia Pauline, akamweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na kutumiwa.

"Pauline, nyamaza," Wahome alisema. "Wakili yuko njiani kutoka Eldoret. Hujasema kitu, hakuna kitu."

"Mzani umeshasema, Wahome."

Alivuta kiti, akaketi, mikono juu ya magoti. Aliongea kwa utaratibu ule ule aliotumia kueleza kipimo. Mahindi yalikuwa ya mama yake, wa Misikhu. Mwaka jana yaliingia ukungu yote kabla ya kukauka, yakamwagwa kwenye shimo, na mama akala kwa majirani hadi Juni. Mwaka huu jua halikukaa hata siku tatu mfululizo. Aliyabeba kwenye viroba, machache machache, Jumapili kwa Jumapili, chini ya kifuniko cha toroli. Alikuwa amehakikisha joto la chumba halishuki. Alikuwa amepima unyevu wa hewa. Drumu la kebo ya Kitale ndilo lililokuwa ndani Jumapili zote hizo, na baada yake hakurudia, kwa sababu mahindi yalitoka na harufu na mama akakataa kuyala.

"Kwa nini kwenye tundu?" Wacuka aliuliza. "Chumba ni kikubwa."

"Ili vumbi lisiguse kebo." Pauline alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayejibu swali la mtihani. "Makapi yakishika kwenye plastiki, kebo imeharibika. Nilitafuta pahali ambapo haiwezi kuguswa kabisa. Niliziba pande zote mbili kwa nailoni, unga usipeperuke."

"Uliziba pande zote mbili."

"Ndiyo."

"Na upepo ulipita wapi?"

Pauline alitazama punje kwenye karatasi. Kiplangat alisubiri na kalamu yake. Nje mvua ilikuwa imeanza, na wafanyakazi wa zamu ya mchana walisikika wakikimbilia ukuta wa mbele kufunika mahindi yao waliyoyaanika hapo.

"Haukupita," alisema.

Alisoma maelezo yake mara mbili, akasahihisha neno moja la kitaalamu, akatia sahihi. Aliuliza jina la kijana aliyefungwa. Aliambiwa.

Langoni, bawabu alikataa kufungua. Alikuwa amepigiwa simu na meneja: gari lolote lisitoke hadi wakili afike. Mvua ilipiga paa la gari, wipa zikipangusa lango lile lile. Kiplangat alishuka, akamwonyesha kitambulisho, akamweleza kwamba kumzuia polisi ni kosa. Bawabu alisema anaelewa, lakini mshahara wake unatoka ofisi ile pale. Kiplangat alirudi ameloa. Nyuma yao, kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, Wahome alikuwa amesimama na simu sikioni.

Wacuka aliangalia saa. Mkuu wa kituo Kitale angeondoka jioni, na bila yeye hakuna ambaye angetia sahihi ya kumwachilia mtu. Faili ya Festus ingekwenda mahakamani asubuhi kama ilivyokuwa.

Pauline, aliyekaa kiti cha nyuma, alishusha kioo. Maji yalimrukia kwenye koti jeupe.

"Baba Lenah," alimwita bawabu. "Fungua."

"Meneja amekataza, madam."

"Mimi ndiye wanapeleka. Nimekubali mwenyewe. Fungua, watu wasichelewe."

Bawabu alitazama dirisha la juu, akamtazama Pauline, akavuta komeo.

Walifika Kitale mkuu wa kituo akiwa tayari amevaa koti la mvua. Alisoma maelezo ya Pauline akiwa amesimama. Alisoma namba za mzani, maelezo ya Jelimo na taarifa ya hema, akauliza swali moja kuhusu harufu, akapiga simu kwa upande wa mashtaka. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Kisha alivua koti, akaketi, akatia sahihi.

Pauline alikuwa kwenye benchi la ukumbini, karibu na kaunta, akisubiri zamu yake ya kuandikishwa. Festus alitolewa kupitia hapo. Konstebo wa zamu alimtupia jaketi lake mabegani na kumwambia yuko huru, hakuna shtaka. Festus alisimama mlangoni akiangalia mvua. Alijaribu kuvuta zipu kwa vifundo vya mikono, ikamshinda. Aligeuka, akamwona mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe.

"Mama, samahani," alisema. "Nisaidie na hii."

Pauline aliinuka. Alilinganisha ncha mbili za zipu, akaivuta hadi shingoni, akaikunja kola isimguse kidevu.

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Kiplangat alimshika Festus begani, akamwongoza hadi kwenye gari la kumpeleka nyumbani. Wacuka alibaki kwenye kaunta. Pauline alitoa saa yake ya mkono, mkanda na pini za nywele, akaviweka mbele ya konstebo wa zamu, naye akavihesabu. Saa kumi na moja na dakika hamsini jioni aliingia seli, na mlango ukafungwa.